Moshi wa kubanikia samaki: dawa au sumu?

Mama_Chanja (Ukerewe)
Habari zenu wakuu. Nabanika sangara na kambare kwa kuni, nauza mnadani. Mteja wangu mmoja, muuguzi, kaniambia samaki wa moshi wana kemikali za saratani. Mama mkwe naye anasema bila moshi huo samaki hafiki sokoni mzima. Wote nawaheshimu. Nimsikilize nani?

Mkemia_wa_Ziwa
Wote, dada. Kinachoupa mti ugumu ni lignini, takriban robo ya uzito wa kuni kavu. Ikifukizwa kwa moto mdogo huvunjika ikatoa kemikali ziitwazo fenoli, kama gwayakoli na siringoli. Hizo ndizo harufu ya samaki wako. Huzuia bakteria na kuchelewesha mafuta yake kuharibika. Gwayakoli hutumika hata kutengenezea guaifenesini, dawa iliyomo kwenye dawa nyingi za maji za kikohozi.

Ila lignini hiyohiyo hutoa katekoli, ambayo IARC, shirika la utafiti wa saratani, linaihesabu kuwa huenda ikaleta saratani. Moto ukipamba, au mafuta yakidondokea makaa, inazaliwa benzopireni, na hiyo kusababisha saratani kwa binadamu kumethibitishwa. Ulaya nyama ya samaki wa moshi hairuhusiwi kuzidi mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo. Sangara ana mafuta mengi, ndiyo maana nakusisitizia.

Tena mimi nawaza mapafu yako kuliko tumbo la mteja. Yeye anakula kipande, wewe unavuta moshi kutwa nzima, pengine na mtoto mgongoni. Toka ndani ya banda hilo dada yangu, tafadhali.

Fundi_Tanuri
Ulizia tanuri la FAO-Thiaroye (FAO ni shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), asili yake Senegali. Lina trei ya kukinga mafuta yasifike motoni. Unakausha kwanza kwa makaa yaliyoiva, moshi unakuja mwishoni kwa muda mfupi.

Mama_Chanja
Asanteni sana. Na kuni? Mimi natumia mwembe, wenzangu wanachukua mabaki ya misonobari kwa mafundi mbao kwa sababu ni ya bure.

Mkemia_wa_Ziwa
Baki na mwembe, uwe mkavu kabisa. Msonobari una utomvu, masizi yake ni mengi. Mbao zenye rangi au dawa ya mchwa usiziguse hata zikitolewa bure. Wateja nao waambie watoe ngozi ya samaki kabla ya kupika, masizi mengi hubaki hapo.