Java ipo kwenye mashine ila javac haitambuliki, naipataje ilipo na path inawekwaje kwa komandi?

kijana_wa_uyole

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi maana huku Uyole leo vidole havitaki hata kugusa kibodi. Naombeni msaada, nimechukua laptopu ya mtumba pale Mwanjelwa, ina Windows 11, mwenye nayo wa mwanzo kaacha makorokoro yake yote humo, programu kibao sizijui hata za nini. Niko mwaka wa kwanza tunasoma Java, mshkaji wangu wa geto akanipa JDK 17 kwenye flashi, ni zip tu, nikaifungua nikajua kazi imeisha.

Sasa nikiandika `java -version` inajibu freshi kabisa, inasema 1.8.0 na tarakimu nyingine mbele, lakini nikiandika `javac` inaleta maandishi mekundu:

`The term 'javac' is not recognized as the name of a cmdlet...`

Nikaona mtandaoni wanasema andika `where java` utaonyeshwa ilipo, naandika inakaa kimya, haileti hata kosa. Nikaandika `echo %PATH%` inanirudishia `%PATH%` hivyo hivyo nilivyoandika. Nimechoka kufungua folda moja moja kwa mausi. Sitaki kushusha upya maana bando lenyewe ndo hivyo tena, na assignimenti ni Jumatatu.

chalii_wa_sae

Piga windows upya mkuu, laptopu ya mtumba hiyo huwezi jua kaacha nini. Nusu saa tu umemaliza.

fundi_kihesa

Kamwene kijana, natokea Iringa hapa. Usipige windows wala nini, ukishapiga bado utarudi hapa hapa na swali lile lile maana JDK yako itakuwa bado ni zip tu.

Kwanza hiyo ya `where` kukaa kimya. Wewe uko PowerShell, hauko cmd, hayo ni madirisha mawili tofauti ya kuandikia komandi kwenye Windows. Angalia mwanzo wa mstari, kama kuna herufi PS kabla ya `C:\Users` basi ndo yenyewe, Windows 11 ukifungua terminali inakupeleka huko moja kwa moja. Mle PowerShell neno `where` ni jina fupi la komandi nyingine kabisa, ya kuchuja vitu, inasubiri uipe vitu ichuje, hujaipa, inanyamaza. Na `%PATH%` ni lugha ya cmd, PowerShell haiijui, kwa hiyo inaitapika kama ilivyo. Mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya cmd na hayasemi, ndo maana watu wanahangaika.

Una njia mbili. Andika tu `cmd` ubonyeze enta, utaingia cmd na hizo komandi zitafanya kazi. Au ubaki PowerShell uandike hivi:

`where.exe java`
`Get-Command java -All`
`$env:Path -split ';'`

Hiyo ya mwisho ni tamu, inakupangia path yako (orodha ya folda ambazo Windows inatafutia programu) kila folda mstari wake, unasoma kwa macho bila kuhesabu nukta mkato.

Pili, kwa nini java ipo na javac haipo. Java 8 ya yule bwana wa mwanzo (ndo hiyo 1.8.0 uliyoiona) inaelekea ni ile ya kuendeshea programu tu, haina kompaila, yaani javac inayogeuza kodi yako iwe faili la kuendeshwa. Na JDK yako ya flashi uliifungua tu, hakuna mahali popote Windows ilipoambiwa kwamba ipo. Hata ukiandika `winget list` (ambayo ndo namna rahisi siku hizi ya kuona kilichomo kwenye mashine) utaona Java 8 ila hiyo 17 hutaiona, kwa sababu orodha ile inatoka kwenye rejista (daftari la Windows la mipangilio na programu zilizowekwa), na zip haiandikishi kitu kwenye rejista. Kwa hiyo tafuta faili lenyewe. Ukiwa ndani ya cmd:

`where /r C:\Users javac.exe`

Hiyo `/r` maana yake ingia kila folda iliyo chini ya hapo. Usianze na C nzima utasubiri mpaka chai ipoe, anza na Users maana najua umeifungulia Downloads. Leta majibu hapa.

dada_wa_mafinga

Nyongeza kidogo, mtu asije akakwambia utumie `wmic product get name` kuona programu zilizomo, utaikuta sana kwenye post za zamani. Ile inaonyesha zile tu zilizowekwa kwa mfumo wa MSI (aina mojawapo ya mafaili ya kuweka programu kwenye Windows), na mbaya zaidi kila programu inaikagua upya wakati inaorodhesha, kwenye laptopu yenye diski ya zamani utadhani imeganda, na Microsoft wenyewe wameshaanza kuiondoa. Ukitaka kuchungulia rejista moja kwa moja:

`reg query HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall /s /v DisplayName`

Programu za biti 32 zinakaa pembeni, weka `WOW6432Node` baada ya neno SOFTWARE uangalie na huko. Na zile zilizowekwa kwa yuza mmoja tu ziko chini ya HKCU badala ya HKLM.

kijana_wa_uyole

Aisee kweli kuna PS pale mwanzo, sikuwahi hata kuitilia maanani. Majibu haya hapa

`C:\Users\pc\Downloads\jdk-17_windows-x64_bin\jdk-17.0.10\bin\javac.exe`

na `where java` ndani ya cmd inasema

`C:\Program Files (x86)\Common Files\Oracle\Java\javapath\java.exe`

mtoto_wa_tukuyu

Safi, umemaliza. Andika hii tu mambo yaishe:

`setx PATH "%PATH%;C:\Users\pc\Downloads\jdk-17_windows-x64_bin\jdk-17.0.10\bin"`

Funga dirisha fungua jingine.

dada_wa_mafinga

Kijana USIANDIKE HIYO. Tukuyu mdogo wangu najua iko kila mahali mtandaoni lakini ni mtego. `setx` inakata maandishi yakizidi herufi 1024, inakupa onyo kwamba imekata huku imeshakata. Laptopu ya mtumba yenye makorokoro kama hiyo path yake ni ndefu, utakuta nusu ya path imepotea. Halafu kuna la pili, ile `%PATH%` ndani ya dirisha ni path ya mfumo na path ya yuza zimeshaunganishwa, wewe unaichukua yote unaibandika kwenye path ya yuza, kwa hiyo kila kitu kinakaa mara mbili na urefu ndo unazidi.

mtoto_wa_tukuyu

Dada mi naitumia siku zote haijawahi kunisumbua.

dada_wa_mafinga

Kwa sababu path yako ni fupi. Siku ukiweka Android Studio na Python na Node utakuja hapa hapa na uzi wako.

fundi_kihesa

Dada yuko sahihi. Ila `setx` kwa vitu vifupi haina shida, mfano JAVA_HOME, ile inayosema folda ya JDK iko wapi.

Haya kijana tuendelee. Kabla hujagusa chochote toa kopi ya path uiweke pembeni, ukiwa ndani ya cmd:

`echo %PATH% > C:\Users\pc\Documents\path_ya_zamani.txt`

Kisha toa JDK huko Downloads, siku ukifagia Downloads utafuta na kompaila. Mimi huwa naweka sehemu fupi isiyo na nafasi katikati ya jina, mfano `C:\java\jdk-17.0.10`. Ukishaihamisha hakikisha `C:\java\jdk-17.0.10\bin\javac.exe` ipo kweli, maana zip nyingine zina folda ndani ya folda na watu wanaelekeza path kwenye folda isiyo na kitu.

Sasa kuijaribu bila kuharibu kitu, ndani ya cmd:

`set PATH=C:\java\jdk-17.0.10\bin;%PATH%`
`javac -version`

Hii ni ya dirisha hilo tu, ukilifunga imepotea. Nzuri sana kwa majaribio, na kwa wale wanaotumia kompyuta za maabara za chuo ambako hawana ruhusa ya kubadili kitu. Ikijibu javac 17.0.10 ndo uiweke ya kudumu. PowerShell:

`$p = [Environment]::GetEnvironmentVariable("Path","User")`
`[Environment]::SetEnvironmentVariable("Path","C:\java\jdk-17.0.10\bin;$p","User")`
`setx JAVA_HOME C:\java\jdk-17.0.10`

Ona kwamba tumechukua path ya User peke yake, hatujaichanganya na ya mfumo, na hakuna kukatwa kwenye 1024. JAVA_HOME haina `bin` mwishoni, path ndo ina `bin`. Hapo wengi wanachanganya, halafu Maven au Gradle (zana za kujengea programu za Java) zinalalamika kwamba JAVA_HOME ni batili. Funga madirisha yote fungua jipya.

kijana_wa_uyole

Wakuu javac imekubali, imesema 17.0.10, nimeruka juu. LAKINI nikaandika programu ndogo ya kuchapisha jina, javac imepita bila neno, kuendesha kwa `java Salamu` ikaleta hii

`UnsupportedClassVersionError: Salamu has been compiled by a more recent version of the Java Runtime (class file version 61.0), this version of the Java Runtime only recognizes class file versions up to 52.0`

Sasa hii 61 na 52 ni nini tena, mbona mi nina 17

fundi_kihesa

Nilikuwa naisubiri hiyo. 61 ni namba ya mafaili ya Java 17, na 52 ni ya Java 8. Maana yake kompaila yako ni 17 lakini anayeendesha bado ni yule mzee wa 8. Andika `where java` tena ndani ya dirisha jipya la cmd, utaona mistari miwili, na wa Oracle javapath uko juu.

Path ni kama umemtuma dogo sokoni na orodha ya vibanda, akifika cha kwanza akakuta kitu chenye jina hilo anachukua anarudi, haendi kulinganisha na cha pili. Na Windows inapounganisha orodha inatanguliza vibanda vya mfumo halafu ndo vya yuza. Sisi tumeweka 17 upande wa yuza, kwa hiyo hata uiweke juu kabisa kwenye path ya yuza haitampita yule wa mfumo. javac ilikubali kwa sababu kibanda cha Oracle hakina javac kabisa, dogo akalazimika kusonga mbele mpaka akaifikia yako.

Dawa ni mbili. Kama Java 8 huna kazi nayo iondoe tu kwenye mashine, fungua appwiz.cpl (dirisha la kuondolea programu) uitoe. Kama kuna programu inaihitaji, basi JDK ipande kwenye path ya mfumo juu ya ile javapath. Fungua cmd kwa Run as administrator, andika:

`rundll32 sysdm.cpl,EditEnvironmentVariables`

Litakuja dirisha la Environment Variables. Nusu ya chini ni ya mfumo, chagua Path, Edit, New, bandika `C:\java\jdk-17.0.10\bin`, kisha Move Up mpaka ifike juu. Ukifungua bila adminu ile nusu ya chini haitakubali kubadilishwa, usije ukadhani imeharibika. Najua umeomba komandi lakini kwa path ya mfumo mimi naamini zaidi macho yangu, mstari mmoja ukikosea pale unapoteza hata System32.

mzee_wa_linux_njombe

Samahani naingilia, wenye Ubuntu nao wasome. Huku utatumia `type -a java`, inakuonyesha zote kwa mpangilio, ambapo `which` inakupa ya kwanza tu. Nayo inaweza kuwa ni kiungo tu, ukitaka mwisho wake andika `readlink -f $(which java)`. Kubadilisha ya kutumika ni `sudo update-alternatives --config java` unachagua namba, na javac uifanyie peke yake, ukisahau unaweza kupata hiyo hiyo 61 na 52. Ulichoweka kwa apt unaona kwa `apt list --installed`, na `dpkg -L` pamoja na jina la paketi inakutajia kila faili lilikokaa. Path unaandika mwisho wa `~/.bashrc`:

`export PATH="$HOME/java/jdk-17/bin:$PATH"`

Kitenganishi huku ni nukta mbili siyo nukta mkato, na hiyo `$PATH` ya mwisho msiisahau, ukiisahau hata `ls` itakataa kujibu.

kijana_wa_uyole

Ndaga fijo fundi na dada wa Mafinga. Nimetoa ile ya 8, `where java` sasa inaleta mstari mmoja tu wa kwangu, Salamu imeendesha kwenye cmd. Kimebaki kitu kimoja, terminali ya ndani ya VS Code bado inasema javac haitambuliki, na hapo nimefunga terminali yake nikafungua nyingine.

dada_wa_mafinga

Funga VS Code yenyewe yote, siyo terminali ya ndani. Programu inachukua path wakati inawashwa na inawarithisha watoto wake ile ile, kwa hiyo terminali unayoifungua humo inapewa path ya zamani ya VS Code. Kama una madirisha mawili ya VS Code funga yote mawili. Ikigoma bado, toka kwenye akaunti ya Windows uingie tena.

kijana_wa_uyole

Lilikuwepo la pili nimelificha chini. Imekubali.