Fundi kaongeza patisheni ya C bila bakapu, video za harusi mbili zimekwenda

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Laptopu yangu ina SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 256. Imegawanywa vipande viwili, ndizo patisheni: C yenye Windows nilipewa GB 80, zilizobaki zote ni D, ndiko ninakoweka kazi. Napiga video za harusi. Juzi C ikawa nyekundu, zimebaki GB 2, hata masasisho ya Windows yanagoma. Nikampelekea fundi Kariakoo apunguze D, aiongezee C GB 40. Bei 20,000, nikalipa papo hapo.

Kabla sijaondoka nilimwambia mambo mawili. Betri imekufa, mashine inawaka kwa chaja tu. Halafu nyumbani nina diski ya nje ya TB 1, niifuate tuhamishe kazi kwanza? Akanijibu, "Haina haja bosi, hii ni dakika kumi."

Dakika kumi za wapi? Zana ya Windows yenyewe ya kugawa diski haiongezi C mpaka nafasi tupu iwe imegusana nayo, upande wa kulia wake. Ukipunguza D, nafasi inatokea kule mwisho wa D, C haifikii. Kwa hiyo akaweka programu ya kusogeza D nzima: data zote, zaidi ya GB 100, zinanyanyuliwa na kuandikwa upya mbele kidogo. Kazi hiyo ikikatishwa njiani, nusu ya data iko mahali pa zamani, nusu mahali papya, na ramani ya diski haijui lolote. Umeme ukakatika. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hana. Betri nilishamwambia.

Hapo bado palikuwa na matumaini. D ikawa inasoma RAW, yaani Windows haitambui kilichomo, ikauliza kama iifomati. AKAKUBALI. Eti alitaka kuona kama itafunguka! Kwenye SSD, Windows ikifomati inatuma amri ya trimu, yaani inaiambia diski vyumba vipi havihitajiki tena, na diski inavisafisha vile vyumba kwa ndani. Kwenye diski ile ya kuzunguka ningeweza kuokoa kitu. Kwenye hii, kilichokuwa kimebakizwa na umeme alikimaliza fundi kwa mkono wake.

Na njia salama ipo, haihitaji programu yoyote ya kupakua. Nakili D yote kwenye diski ya nje, fungua video mbili tatu uhakikishe zinacheza, futa patisheni ya D, ongeza C, tengeneza D mpya, rudisha kazi. Kama C imefungwa kwa BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, isimamishe hiyo BitLocker kwanza na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi. Hakuna kinachosogezwa, umeme ukikatika kazi zako ziko pembeni. Tena nimekuja kugundua kilichojaza C ni kashe, yaani mafaili ya muda, ya programu ya kuhariri video. Ningeielekeza D tu nisingehitaji fundi. Hakufungua hata folda moja kuangalia nafasi imeliwa na nini.

Pesa yangu hataki kurudisha, anasema umeme si kosa lake.

SSD nimeichomoa, sijaiwasha tangu Jumanne. Aliyewahi kuokoa data kwenye SSD iliyofomatiwa aniambie kweli, hata kama jibu ni hapana. Bi harusi wa Kigamboni amenipigia mara tatu leo, na sijapokea.