Barua ya kunifukuza kazi ilichapwa kabla kikao cha nidhamu hakijakaa!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Miaka sita nimetunza stoo ya kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, sijawahi kupewa hata onyo la mdomo. Leo natembea mtaani naitwa mwizi.

Katoni 14 za vigae hazikuonekana kwenye hesabu. Sawa, niulizwe, stoo niliishika mimi. Lakini funguo tulikuwa nazo watu watatu, na mmoja wao ni meneja mwenyewe! Alhamisi saa 11 jioni, begi liko mgongoni, nasimamishwa getini nakabidhiwa barua ya wito: kikao kesho saa 3 asubuhi. Kurasa mbili za Kiingereza kitupu. Mimi niliishia darasa la saba. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyenisomea usiku ule, kila neno "wizi" likija anasita, ananiangalia usoni. Hilo sitawasamehe.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa na apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Mimi nilipewa saa 16, humo humo nilale na nigombanie daladala.

Asubuhi naingia, nani kakalia kiti cha mwenyekiti? Meneja yule yule aliyehesabu stoo, akaandika ripoti, akasaini barua ya tuhuma! Kanuni zinasema mwenyekiti awe kiongozi ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Nikaomba mwenzangu wa stoo aingie anisaidie, ni haki yangu, nikajibiwa "yuko kazini, usitupotezee muda." Nikaomba nimuulize maswali mlinzi anayedai aliona gari likipakia usiku. Hakuletwa. Ikasomwa karatasi yake tu, basi.

Dakika 20 wamemaliza. Nikaambiwa nisubiri nje kwenye benchi. Hata sijatulia, ofisa utumishi (HR) huyo na bahasha. Nafungua, nimefukuzwa, na tarehe iliyochapwa juu ni ya Alhamisi. Alhamisi, wakuu! Wananipa wito getini, huku barua ya kunifukuza imeshapigwa muhuri iko kabatini. Sasa pale Ijumaa waliniita nikajitetee kwa nani?

Kuna watu wananiambia tuhuma za wizi hazina haja ya mlolongo wote huo. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki, vyote viwili, na anayetakiwa kuthibitisha ni yeye.

Sasa HR anapiga simu kila siku nikasaini "makubaliano ya hiari", nichukue mshahara wa mwezi mmoja yaishe. Sisaini ng'o. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na leo ni siku ya 12. Fomu nimeshajaza. Kesho nawapelekea nakala yao, wakishaipokea na kugonga muhuri, naenda moja kwa moja Tume.

Kinachonikwamisha ni muhtasari wa kikao, wamegoma kunipa nakala. Aliyewahi kunyimwa muhtasari akaupata kupitia Tume anieleze alifanyaje. Na huyo mlinzi, naweza kuomba aitwe pale nimuulize maswali ana kwa ana?