Naomba ushauri: kaseti ya gemu la ZX Spectrum ambalo halikuwahi kutoka

Wakuu, habari zenu. Niko Liverpool, na mzee mmoja amenikabidhi kaseti ya gemu la ZX Spectrum 48K (kompyuta ya nyumbani ya zamani iliyosoma magemu kutoka kwenye kaseti) alilolianza miaka ya 1980 likaishia njiani. Nakala nyingine hana. Jina linasomeka vizuri, ila mistari ya buluu na njano ikishajaa pembeni mwa skrini upakiaji unakatika na kuandika "R Tape loading error", yaani hitilafu ya kusoma kaseti. Nimesafisha hedi (kichwa kinachosoma utepe) kwa spiriti, nimeazima redio kaseti nyingine, wapi. Utepe umeanza kumwaga unga wa kahawia, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Je, niurekodi kwanza kwenye kompyuta kama WAV (faili la sauti) kisha nitengeneze faili la TZX (nakala ya kidijitali ya kaseti za Spectrum), au nianze kurekebisha skrubu inayopanga pembe ya hedi? Na ruhusa ya mdomo ya huyo mzee inatosha kuliweka gemu mtandaoni?