Mjadala: Je, kipimo cha haiba kitumike kuamua nani apewe uongozi kazini?

Mizani Mbili (mleta mada):
Wakuu, salaam. Kazini kwetu wametujazisha lile dodoso la haiba la herufi nne, Myers-Briggs (MBTI), lile linalokuweka kwenye moja ya makundi 16. Mimi nimetoka T, yaani wale wanaoamua kwa mantiki. Mwenzangu tunayewania naye ukuu wa idara katoka F, wa hisia. Minong'ono ni kwamba majibu yataangaliwa wakati wa uteuzi, na mimi naona ni haki kabisa. Kukata bajeti, kupunguza watu, kufunga mradi uliokwisha kufa: hayo yanataka kichwa baridi. Mtu wa hisia mpe huduma kwa wateja, atang'ara. Sisemi kwa ubaya. Ila mtu aliyelia kikaoni kwa sababu fungu lake limepunguzwa, kweli umkabidhi idara? Karibuni, tujadili kwa hoja.

Bi Tausi:
Kaka yangu, ulianza vizuri ukaja kuharibu pale mwishoni. Huyo aliyelia, baada ya kulia alisema nini? Au mliacha kumsikiliza mlipoona machozi? Mimi nimewahi kulia mbele ya wakubwa. Nikafuta uso, nikaendelea na hesabu zangu, na hesabu zilikuwa sahihi kuliko za waliokuwa wananikodolea macho.

Fundi Saa:
Kabla hatujazama kwenye machozi, tujiulize hicho kipimo ni kitu gani. Chanzo chake ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyetoa kitabu chake cha aina za watu mwaka 1921. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, na binti yake Isabel Myers wakayachukua mawazo yake wakatunga maswali. Hakuna kati ya hao wawili, mama na binti, aliyesomea saikolojia. Na kwa Jung mwenyewe, kufikiri na kuhisi vyote viwili ni njia za kimantiki za kupima jambo: moja inauliza je, ni kweli, nyingine inauliza je, lina thamani gani. Halafu kubwa kuliko yote: kampuni inayokiuza kipimo hicho yenyewe inasema kisitumike kuajiri wala kuteua watu. Mada ingeweza kufungwa hapa.

Kichwa Ngumu:
Haifungwi, mkuu. Dada Tausi, punguza jazba. Hakuna aliyekutaja. Ila ukweli usemwe: hata watafiti wa kipimo hicho wanakubali kwamba wanawake wengi wanaangukia F. Ni takwimu tu, si matusi.

Bi Tausi:
"Punguza jazba." Nimeandika mistari mitano, na ndani yake nimeuliza maswali mawili. Hukujibu hata moja. Umeona jina la kike ukaona jazba. Na hizo takwimu zinatokana na watu kujaza wenyewe wanavyojiona. Ukifundishwa tangu utotoni kwamba wewe ni wa huruma na ndugu yako ni wa akili, utajaza nini?

Mpita Njia:
Mimi sina elimu kubwa ya haya mambo ila nakumbuka kuna jamaa wa reli, miaka ya 1800 na kitu, chuma kilimwingia shavuni kikatokea utosini. Alipona, akili ikabaki, hisia zikafa, na maisha yakamharibikia. Maana yake bila hisia huwezi kuamua. Au nimechanganya?

Fundi Saa:
Umeshika nusu. Ni Phineas Gage, tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, jimbo la Vermont. Alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba, ikalipuka mapema. Lakini daktari wake hakuandika kwamba hisia zilikufa. Aliandika kinyume chake: Gage akawa mkorofi, mwenye matusi, wa kupanga hiki na kuacha kile. Baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka, kazi isiyofanywa na mtu aliyeharibikiwa kabisa.

Mfano unaokufaa ni wa daktari wa ubongo Antonio Damasio, aliyeueleza mwaka 1994. Mgonjwa wake alikuwa na jeraha sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho. Akili timamu, kumbukumbu timamu, ila hisia zimepoa. Siku moja ya barafu barabarani alifika hospitali bila wasiwasi wowote. Akasimulia kwamba mwanamke aliyekuwa mbele yake aligusa breki kwa hofu, gari likazunguka likaingia mtaroni, na yeye akapita palepale polepole kama hakuna kitu. Kesho yake Damasio anamwuliza: miadi ijayo uje lini, siku hii au ile? Tarehe mbili, zimepishana siku chache. Mtu akatoa kalenda. Karibu nusu saa nzima anaorodhesha: shughuli nyingine, hali ya hewa, kila kinachoweza kufikirika. Mwishowe daktari akamwambia njoo ile ya pili. Akajibu, sawa, akaondoka.

Kichwa Ngumu:
Asante sana, Fundi, umenisaidia bila kujua. Wa hofu kaingia mtaroni. Asiye na hofu kapita. Naomba idara yangu iongozwe na aliyepita.

Sauti ya Nyika:
Na kikao cha kupanga tarehe ya kikao nacho kiongozwe na yeye, mtakesha. Huyo wa kalenda mimi nimefanya kazi chini yake, aisee. Alikuwa na jedwali lenye safu za rangi kwa kila jambo. Tulipotaka kuchagua kati ya printa mbili, jedwali lilifika ukurasa wa tatu. Mwisho tukanunua ile iliyobaki dukani.

Kichwa Ngumu:
Usichanganye mantiki na uzembe. Jedwali zuri linaamua haraka.

Sauti ya Nyika:
Jedwali haliamui kitu, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyeandika kwamba bei ina uzito wa 40 na ubora 30. Hizo namba umezitoa wapi kama si tumboni mwako?

Mama Wawili:
Nimewasoma kimyakimya, sasa niseme langu. Mimi nilikuwa na mkuu wa kazi aliyejisifu kila wiki kwamba yeye ni mtu wa mantiki. Siku moja kijana mdogo alimwonesha kosa kwenye ripoti, mbele ya wageni. Kosa la kweli, jumla haikulingana. Mkuu alinyamaza kidogo, masikio yakabadilika rangi, akafunga faili kwa kishindo mpaka kalamu ikaruka. Akasema, "Tusipoteze muda na vitu vidogo." Baada ya wiki mbili yule kijana kahamishwa. Sababu kwenye barua: "kuboresha ufanisi". Ofisi nzima ilimwita mkuu yule mkali, mwenye msimamo. Hakuna hata mmoja aliyesema ana hisia kali. Sasa angelikuwa kijana ndiye ametokwa na machozi, mngeniambia yupi anaamua kwa hisia?

Bi Tausi:
Mama, shikamoo. Hapo umemaliza kazi. Machozi yanahesabiwa, hasira haihesabiwi.

Mama Wawili:
Marahaba mwanangu.

Mizani Mbili:
Naona mada yangu imetekwa. Nilikuja na swali la uteuzi, sasa tunajadili mafaili. Na kama kuna anayetaka kunifananisha na huyo mkuu, aseme wazi. Kupiga meza si hisia, ni mbinu ya uongozi. Watu wanahitaji kujua jambo ni zito.

Bi Tausi:
Nani amekutaja? Mama kasema faili, meza umeileta mwenyewe.

Mpita Njia:
Hahaha! Nyani haoni kundule.

Mizani Mbili:
Haya, chekeni. Hasira ina sababu. Mtu akikosea kazi, kukasirika ni jibu sahihi la kimantiki. Kulia hakurekebishi kitu.

Sauti ya Nyika:
Na kishindo cha faili kilirekebisha ile jumla?

Fundi Saa:
Turudi kidogo kwenye kipimo, nawaomba. Mwaka 1989 watafiti wawili wa haiba, McCrae na Costa, walilinganisha herufi hizi na ule mgawanyo wa sifa tano unaotumiwa zaidi vyuoni. Ile T na F ililingana hasa na sifa moja: upole na ukubalifu kwa wengine. Haikupima nani anafikiri vizuri. Kwa maneno mengine, ukitoka T umejieleza kwamba huoni taabu kumkatalia mtu usoni. Kama una akili ya kupima ushahidi au huna, kipimo hakijui. Mtu anaweza kuwa T kabisa na kila hoja yake ikavuja.

Tena watu wengi wanakaa karibu na katikati. Kipimo kinachora mstari hapo katikati, na aliyesogea nukta moja anapewa jina tofauti na jirani yake. Wengine wakikirudia baada ya wiki chache wanapata herufi nyingine.

Kichwa Ngumu:
Fundi, wewe kila mchango mwaka, jina, nchi. Umewahi kuongoza watu hata wawili? Vitabuni kila kitu kinawezekana. Kazini kuna siku unatakiwa kumwondoa mtu mwenye watoto, na ukianza kuwafikiria wale watoto kampuni inakufa na wote mnaondoka.

Fundi Saa:
Nimeongoza, na nimewaondoa watu. Niliwafikiria watoto, ndiyo maana nilikagua orodha upya kabla ya kusaini. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alishaandika mwaka 1739 kwamba akili ni mtumwa wa matamanio. Unaweza kumpinga, wengi wamempinga. Ila wewe mwenyewe unataka kampuni isife. Kutaka huko hakukutoka kwenye hesabu.

Mpita Njia:
Fundi, lile jaribio la karata na jasho ni la nani? Niliwahi kusimuliwa.

Fundi Saa:
Ni la Bechara, Damasio na wenzao, chuo kikuu cha Iowa, miaka ya 90. Mbele yako kuna mafungu manne ya karata. Mawili yanakupa faida kubwa lakini hasara zake ni kubwa zaidi. Mawili yanatoa kidogo kidogo, na mwisho wa safari unabaki na faida. Huelezwi lolote, unafunua tu. Mkononi umebandikwa vipima jasho. Watu wazima wa afya walianza kutoa jasho mkono ulipokuwa unaelekea fungu baya, kabla hawajaweza kueleza kwa mdomo lina ubaya gani. Wenye jeraha lile la ubongo juu ya macho hawakutoa jasho hilo la mapema, wakaendelea kuchota hasara. Kuna waliolipinga baadaye, mwaka 2004, wakisema washiriki huwa wanajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mjadala wa wataalamu haujaisha.

Kichwa Ngumu:
Basi mimi ningejua mapema, bila jasho. Ni hesabu ya wastani tu, unaangalia faida, unatoa hasara, umemaliza. Hapo mtu wa T anashinda asubuhi na mapema.

Fundi Saa:
Baadhi ya wale wagonjwa nao walijua. Waliweza kukueleza vizuri kabisa mafungu yapi ni mabaya. Kisha mkono unakwenda kulekule.

Kichwa Ngumu:
Kwa hiyo sasa unaniita mgonjwa? Hoja zimekuishia umeanza matusi? Angalia mdomo wako, mimi si mtoto mwenzako!

Bi Tausi:
Samahani kaka, hilo jibu la sasa hivi umeliandika kwa T au kwa F?