Tupeane uzoefu: ulizoeaje kukaa peke yako na kujifanyia mambo bila msindikizaji?

Mpangaji Mpya
Wakuu habari zenu. Nimekulia kwenye nyumba ya watu wengi, sasa nimepanga, naishi mwenyewe. Kila mtu alinionya kuhusu upweke. Upweke nauweza, tena kimya nakipenda. Kinachonitoa jasho ni vitu ambavyo wenzangu wanavifanya bila kufikiri: kumwambia fundi kwamba kazi yake sijaridhika nayo, kwenda hospitali bila mtu wa kukaa naye kwenye benchi, kula mgahawani nikiwa mezani peke yangu.

Juzi usiku umeme ulizima kwangu tu, kwa majirani taa zinawaka. Nyumbani kaka ndiye aliyekuwa anakwenda kwenye kile kiboksi cha swichi. Nikafungua kifuniko, nikamulika na simu, nikavitazama vile viswichi vilivyojipanga, nikafunga. Nikalala na giza langu.

Mliozoea, mlianzaje? Na waliopatwa na makubwa wasimulie pia.

Soketi
Hicho kiboksi hakina uchawi. Kiswichi kimojawapo kitakuwa kimeshuka wakati wenzake wamesimama. Chomoa kila kitu ukutani, kipandishe. Kikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja; kitakachokiangusha tena ndicho kibovu. Kwangu ilikuwa pasi, waya wake umechunika pale unapoingilia kwenye mpini. Kikishuka wakati hakuna kilichochomekwa, au ukisikia harufu ya kuungua, acha, ita fundi. Na mikono iwe mikavu. Hilo halihitaji kusemwa, ila nasema.

Baharia Mkavu
Una uhakika kaka yako naye hakuwa anakitazama tu na umeme unarudi wenyewe?

Bi Taratibu
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Mimi nilitoka kwa baba nikaingia kwa mume. Marehemu alipoondoka ndipo nilipolala nyumba nzima peke yangu kwa mara ya kwanza, watoto wameshatawanyika. Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, gesi nayo ikaisha. Miaka yote mtungi aliufunga yeye, mimi nilikuwa namsikia tu akigongagonga huko. Mwanangu wa kiume akaniambia kwenye simu, "Mama subiri, nitamtuma mtu." Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mwishowe hasira zikanipanda.

Nikauburuta mtungi mpya mwenyewe, nikaanza kufunga kile kichwa chenye mpira. Nakaza, kinalegea. Nikamlaani aliyekitengeneza. Kumbe vile vya kuzungusha vingi nati zake zimechongwa kinyume, unakaza kwa kuelekea kushoto, na wamefanya makusudi ili mtu asichanganye vifaa vya gesi inayowaka na vya gesi nyingine.

Kikakaa. Nikafungua. Harufu! Jioni ilikuwa imeshaingia na mkono wangu ulikuwa tayari uko njiani kwenda kwenye swichi ya taa. Nikaushika kwa mkono wa pili. Wanangu, usiwashe taa na usizime inayowaka, cheche ya swichi inatosha. Nikafunga mtungi, nikafungua milango na madirisha, nikatoka nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo mlango ulio wazi unasaidia kuliko kidirisha cha juu.

Harufu ilipokwisha nikarudi na povu la sabuni, nikalipaka kwenye maungio, nikafungua kidogo sana. Vipovu vikaanza kuvimba upande mmoja, kimoja baada ya kingine. Kile kipira cha ndani kilikuwa kimekatika. Nikafunga, nikabadilisha, nikapaka povu tena, likatulia.

Mwanangu akapiga kuuliza kama yule mtu amefika. Nikamwambia amefika, na ameshapika.

Chumba cha Nyuma
Gesi jamani! Mpaka leo nikiwasha nageuza uso pembeni.

Soketi
Mama heshima yako. Na wengi hawajui kwamba gesi yenyewe haina harufu, ule uvundo huongezwa makusudi. Kwa hiyo ukinusa usibishane na pua.

Jongoo Mbishi
Samahani kwa mtoa mada, lakini mtu mzima kuogopa fundi ni malezi. Sisi tulitoka nyumbani na begi moja na hakuna aliyetufundisha kula mgahawani. Siku hizi kila kitu kinataka ushauri.

Nguzo ya Tatu
Jongoo, fundi akija kwako anaangalia bomba. Akija kwangu anaangalia bomba, kisha anaangalia sebule, kisha anauliza, "Shemeji yuko kazini?" Huwa najibu, "Amelala, katoka zamu ya usiku, tusipige kelele." Huyo mume wangu ana zamu za usiku tangu nilipohamia. Hata viatu vyake viko mlangoni, vikubwa, nilipewa na mjomba.

Jongoo Mbishi
Unaishi na viatu. Haya.

Chumba cha Nyuma
Dada, viatu uwe unavihamisha, na tope uvipake mara moja moja. Vya kwangu vilikaa palepale mpaka buibui akajenga ndani, jirani akaja kuniuliza kama mzee anaumwa.

Nguzo ya Tatu
Nimecheka mpaka nimemwamsha mume wangu.

Soketi
Mimi sikubaliani na viatu. Jirani mmoja mwenye akili ajue unaishi peke yako, na awe na ufunguo wa akiba.

Kimya Kingi
Usithubutu. Jirani wa leo ni mgomvi wako wa kesho. Ufunguo apewe ndugu, hata kama anakaa mbali.

Soketi
Ndugu wa mbali atafungua nini?

Msukasuko
Mkiwa hapo kwenye funguo ngoja niseme kitu ambacho hata mama sijamwambia, maana angenirudisha nyumbani jioni ileile.

Nilikuwa nakula huku naangalia mpira. Mlango nimeufunga komeo la juu, la chini, na mnyororo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa najiona salama. Mshambuliaji akakosa goli la wazi, nikavuta pumzi kwa mshangao, kipande cha nyama kikaenda nayo. Watu wanadhani ukipaliwa lazima utakohoa. Kukohoa kunataka hewa. Mimi sikutoa sauti yoyote. Nimeachama mdomo, hakiingii kitu wala hakitoki, na mtangazaji anaendelea kupiga kelele zake.

Nikakimbilia mlangoni. Mnyororo ukatoka. Komeo la juu likatoka. La chini siku zote ni gumu, linataka uusukume mlango kwa bega kwanza, na bega halikuwa na nguvu. Nikarudi kwenye simu, nikampigia rafiki yangu. Akapokea: "Niambie!" Mimi kimya. "Haloo? Haloo? Mtandao wako mbovu." Akakata.

Kwenye kona za macho kukaanza kuingia giza. Kazini tuliwahi kufundishwa huduma ya kwanza, nami nilikaa nyuma kabisa nachezea simu. Kilichobaki kichwani ni picha moja tu, mtu ameinamia kiti. Nikakivuta kiti cha mbao, nikaweka ule ukingo wa juu wa mgongo wake hapa, juu ya kitovu na chini ya mbavu, nikajiangusha kwa uzito wangu wote. Hamna. Nikajiangusha tena, mbavu zikalia. Tena. Kipande kikaruka kikagonga televisheni, hewa ikaingia ikipiga mluzi.

Nikakaa sakafuni. Ujumbe wa rafiki yangu ukaingia: "Umeona goli lile alivyolikosa?" Nikamjibu, "Nimeona."

Chumba cha Nyuma
Mikono inatetemeka hapa nilipo.

Mpangaji Mpya
Mungu wangu. Pole sana.

Jongoo Mbishi
Chai. Tena ya jana. Kipande kimegonga televisheni! Hakuna mtu anayeweza kujiokoa mwenyewe kwa staili hiyo.

Nesi wa Wodini
Jongoo, inawezekana na inafundishwa. Njia hii ya kusukuma tumbo ilielezwa na daktari Mmarekani Henry Heimlich mwaka 1974. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 96, aliitumia kumwokoa bibi mmoja aliyepaliwa mezani kwenye makazi ya wazee walikokuwa wanaishi wote. Ukiwa peke yako unakunja ngumi, unaiweka juu kidogo ya kitovu, unaishika kwa mkono wa pili, unasukuma ndani na juu kwa nguvu, haraka haraka. Nguvu zikigoma, ndipo unajiangusha kwenye ukingo wa kitu kigumu kama alivyofanya Msukasuko. Mjamzito na mtoto mchanga hawafanyiwi hivyo.

Baharia Mkavu
Mimi ningekunywa maji tu.

Nesi wa Wodini
Yangepita wapi? Njia imeziba.

Kimya Kingi
Bibi yangu alikuwa anasema inua mikono juu, tazama dari.

Nesi wa Wodini
Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, hewa bado inapita. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia. Ukimkuta mtu hivyo, kozi nyingi zinafundisha kumpiga mgongoni katikati ya mabega mara tano akiwa ameinama, kisha kumsukuma tumbo mara tano, unabadilisha mpaka kitoke. Dari haina msaada. Msukasuko, ulikwenda kuonwa na daktari baadaye?

Msukasuko
Hapana. Mbavu ziliuma, zikaacha.

Nesi wa Wodini
Siku nyingine uende. Msukumo ule unaweza kuumiza viungo vya ndani na usijue.

Baharia Mkavu
"Siku nyingine." Nesi naye!

Nguzo ya Tatu
Rafiki umemwambia? Na makomeo je?

Msukasuko
Rafiki hajui. Mnyororo nimeung'oa, komeo limebaki moja, na nimelipaka mafuta.

Kimya Kingi
Ukiulizwa na mwizi utasema nini?

Mpangaji Mpya
Jamani, mimi niliuliza habari za fundi na mgahawa. Sasa naogopa hata kula nyumbani.

Baharia Mkavu
Basi nenda ukale mgahawani, huko kuna mashahidi.

Kimya Kingi
Kuhusu mgahawa: nenda saa ambazo hakuna watu, meza ya ukutani, uso mlangoni. Simu iache mfukoni, maana ukiishika utakula haraka haraka ili uondoke. Hakuna anayekuangalia, kila mtu ana yake.

Nguzo ya Tatu
Wanaangalia. Wanaangalia sana. Waangalie na wewe.

Chumba cha Nyuma
Ngoja nimjibu mtoa mada upande wa hospitali, maana hapo ndipo nilipovunjika.

Nilikuwa nafanyiwa upasuaji mdogo, wa kuingia asubuhi na kutoka jioni. Nimejipanga kishujaa, begi langu, maji yangu, sijamwambia mtu. Wakanipa fomu. Jina, umri, sawa. Nikafika pale pa jina la mtu wa karibu, nikaandika mama. Yule dada wa mapokezi akasema, "Mama anakaa wapi?" Nikataja. "Huko ni mbali. Nataka wa kukuchukua leo. Ukipewa dawa ya usingizi huruhusiwi kuondoka peke yako." Nikabaki na kalamu. Foleni nyuma yangu inakohoa. Nikapitia majina kwenye simu, huyu tuligombana, huyu ataniuliza maswali, huyu hapokei mchana. Aliyepiga mwisho alikuwa fundi wa bomba, alikuja wiki ile kutengeneza sinki langu. Sijui nilipata wapi uso huo, nikampigia. Nikamwambia kama alivyosema yule dada. Akauliza, "Saa ngapi?"

Nilipozinduka yuko kwenye benchi na mkoba wake wa spana miguuni. Akanishika mkono mpaka kwenye gari. Njiani kimya, kisha akaniuliza, "Lile sinki limekaaje?" Nikiwa bado na dawa kichwani nikasema bado linavuja, tena linavuja sana, na niliona aibu kukwambia. Akacheka. Alipita kesho yake akafungua kila kitu upya.

Huyo mpaka leo ndiye ninayemwandika kwenye fomu.

Bi Taratibu
Huyo ameshakuwa ndugu. Mpikie.

Nguzo ya Tatu
Ameoa?

Chumba cha Nyuma
Ameoa, na mkewe ndiye aliyenikaribisha sikukuu. Tulieni.

Soketi
Nyongeza kwa wote: simu nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura, inasomeka hata kama simu imefungwa. Weka namba ya mtu, kundi la damu kama unalijua, na dawa zinazokudhuru. Ukianguka njiani atakayekuokota hajui neno lako la siri.

Mpangaji Mpya
Taarifa ya mtoa mada: nimekwenda kwenye kiboksi. Kiswichi cha pili kutoka kushoto kilikuwa chini. Mwenye kosa ni birika la umeme. Limetupwa nje. Fundi nitamwita nikipata ujasiri, kwanza nikale mgahawani.

Soketi
Hongera. Birika usilitupe, angalia plagi kwanza.

Jongoo Mbishi
Swali la pembeni kwa Nesi. Hicho kiti lazima kiwe cha mbao? Vya kwangu ni vya plastiki.

Nesi wa Wodini
Cha plastiki kitakukimbia. Kiegemeze ukutani, au tumia ukingo wa meza nzito au wa sinki la jikoni. Jaribu sasa hivi kuona ni upi unafika juu ya kitovu chako, bila kujiangusha.

Baharia Mkavu
Jongoo, kumbe na wewe unakaa peke yako?

Jongoo Mbishi
Sikusema nakaa peke yangu. Nimesema viti ni vyangu.

Nguzo ya Tatu
Nikuletee viatu?

Jongoo Mbishi
Meza inafika.