Nimetoka depo ya askari magereza juzi, napangwa gengi la wafungwa shambani peke yangu. Nijilinde vipi?

Kuruta wa Jana
Shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na kazi. Nimemaliza depo Kiwira, nimepangiwa gereza la wilaya ambalo sitalitaja. Kiwira tulipigishwa kwata, tukafundishwa silaha na Sheria ya Magereza ya 1967, nashukuru kwa yote. Ila hapa askari ni wachache. Wiki hii natoka na gengi la kupalilia mahindi, mimi na bunduki tu, kwa sababu mwenzangu amepangwa kusindikiza mahabusu mahakamani. Baadhi ya wafungwa ni umri wa baba yangu na wanalijua gereza hili kuliko mimi. Halafu kuna bweni ambalo watu wanakohoa hadi alfajiri, na asubuhi mimi ndiye ninayeingia kufanya upekuzi. Kazi naipenda. Nifanye nini kule shambani ili warudi wote na mimi nirudi mzima? Na hicho kikohozi, askari adai nini?

Sajini Mstaafu
Marahaba mwanangu. Magengi nimeyatoa hadi nilipostaafu, na askari niliowaona wakiumizwa huko karibu wote waliumizwa wakiwa wamemsogelea mno mfungwa, bunduki ikining'inia begani. Mwenye jembe mkononi anakufikia kabla hujakoki. Simama pembeni, mahali unapowaona wote bila kugeuza shingo, na mgongoni kwako pasiwe na majani marefu wala mtaro. Usikubali wengine wawe mbele yako na wengine nyuma. Anayetaka kusema nawe aweke jembe chini kwanza, aseme kutoka hapo alipo. Bunduki haishikwi na mtu mwingine hata kama unafunga kamba ya buti.

Hesabu getini, hesabu mkifika, hesabu kabla na baada ya chakula, hesabu kabla ya kurudi, na katikati hesabu tena. Zana nazo zihesabiwe. Hesabu ufanye wewe, si nyapara. Nyapara atakusaidia kugawa kazi vizuri sana, lakini naye ni mfungwa, ana kifungo chake na ana rafiki zake.

Sasa nisikilize hapa, maana depo hawalikazii vya kutosha. Kutoroka hakuanzi siku ya kutoroka. Mcheshi ananyamaza. Mtu anaacha uji wake. Mwingine rufaa yake imetupwa, au kasikia mkewe kaondoka. Mwingine anaomba ghafla apalilie upande wa msituni. Utaziona wapi dalili hizo kama huwajui hata majina? Zungumza nao. Jua nani katoka wapi, nani haandikiwi barua. Na mtu akikukasirikia, mpe nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika mbele ya wenzake. Haya si huruma yangu ya uzeeni. Kanuni za Nelson Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, kanuni ya 76 inataka askari afundishwe kulinda usalama kwa kuwafahamu watu wake na kutuliza ugomvi kwa mazungumzo. Ya 82 inasema nguvu itumike kwa kujihami, kuzuia anayetoroka, au kwa anayekaidi amri halali, tena isizidi inayohitajika, na mkuu wa gereza apewe taarifa mara moja.

Kuhusu kutoka peke yako: amri usiikatae, lakini kabla ya kutoka nenda kwa afisa wa zamu, simama kwa heshima, sema: "Afande, niko peke yangu na watu hawa, naomba mwenzangu au gengi lipunguzwe." Kisha omba iandikwe kwenye kitabu cha matukio, na saa iandikwe. Mtu akipotea, jina la kwanza kutafutwa ni la aliyekuwa lindoni. Aliyepanga zamu ataulizwa baadaye, kama ataulizwa.

Askari wa Bonde
Naandika kutoka Kenya. Hilo la kitabu ni kweli tupu. Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti, maaskari jela walikamatwa haraka sana. Wale watatu walipatikana Kitui siku chache baadaye, na kabla ya hapo Rais alikuwa ameshamwondoa Kamishna Jenerali wa Magereza, Wycliffe Ogallo. Kwa hiyo wakubwa pia huanguka, lakini wewe wa chini ndiye unayelala seli.

Sajini, kwa heshima zako, niongeze kitu. Kuzungumza kuna mlango wake wa hatari. Mfungwa mjanja huanza na ombi dogo: kiberiti, sigara moja, "afande nipigie simu nyumbani tu". Ukishampa, siku nyingine anakukumbusha kwamba ulivunja sheria, na sasa anataka simu yenyewe. Kijana, jua habari zao, zako wasizijue. Usiseme unakaa wapi wala mshahara umechelewa. Na ukiwa tayari umenasa kwa kitu kidogo, kiripoti mwenyewe kikiwa bado kidogo.

Sajini Mstaafu
Umesema kweli, nakubali.

Muuguzi wa Zamu
Nijibu la kikohozi. Kwenye msongamano kama huo msisubiri kikohozi kifikishe wiki mbili, anayekohoa apimwe makohozi ya kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ni miezi sita na hayalipiwi. Madirisha yaachwe wazi hata kukiwa na baridi, na asubuhi milango ifunguliwe hewa ipite kabla hujaingia. Barakoa ya kawaida avae anayekohoa. Wewe omba ya N95, ile inayochuja hewa. Dai pia chanjo ya homa ya ini B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Kwenye upekuzi usizamishe mkono mfukoni mwa mtu, mwambie aupindue mwenyewe. Ukichomwa na sindano au wembe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kimbilia dawa za kuzuia VVU: mapema kadiri iwezekanavyo, isipite saa 72. Zinamezwa siku 28.

Kuruta wa Jana
Ahsanteni sana. Leo nimemwona afisa wa zamu, ameandika, na gengi limepunguzwa. Anayekohoa zaidi ni mzee mmoja ambaye wenzake wanamheshimu. Anakataa kupimwa, anasema watamtenga.

Muuguzi wa Zamu
Nenda naye zahanati wewe mwenyewe, usimtume nyapara. Mweleze kwamba akianza dawa zinazomfaa, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka, kwa hiyo kutengwa ni kwa muda tu. Makohozi ayatolee nje penye upepo, si bwenini, na wewe simama upande upepo unakotoka.